Klabu, tamasha, mechi au bendi: mwanafunzi wa chuo achague usiku upi Dar?

Mwaka wangu wa pili pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, saa tisa usiku, tulikuwa wasichana wanne tumesimama nje ya geti la baa moja ya ufukweni. Dereva wa bajaji aliyetupeleka alituahidi kurudi kutuchukua, tukamwachia na nusu ya nauli. Sasa simu yake haipatikani. Kati yetu simu moja tu ilikuwa bado inawaka, na yenyewe imebakiwa na chaji asilimia sita. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama anawauzia madereva wa bodaboda chai ya tangawizi na chapati. Akatuita, akavuta benchi karibu na jiko lake la mkaa, akasema, "Kaeni hapa wanangu, msizurure, mpaka gari la kwanza." Tulikaa pale hadi saa kumi na moja alfajiri. Hatukuibiwa, hatukuguswa. Lakini kila wadogo zangu walioko chuo wanaponiuliza, "Dada, wikiendi hii twende wapi?", ninaliona lile benchi, na mimi huwauliza kwanza: mtarudi na nini?

Sikuandika haya ili mtu abaki hosteli. Dar ni jiji la kuliishi, na miaka mitatu ya chuo inapita haraka. Shida ni kwamba mara nyingi tunachagua kiwanja kwa bango lililopita WhatsApp, halafu mengine yote tunayapanga tukiwa tayari tumechoka, tumelewa au tumeishiwa.

Vigezo

Nimelinganisha aina nne za usiku ambazo wanafunzi wengi hapa huzunguka humo humo: klabu na baa za ufukweni, tamasha kubwa la wazi, mechi Uwanja wa Mkapa, na usiku wa bendi au sanaa. Kila moja nimeipima kwa mambo haya.

Fedha: jumla yote tangu unatoka getini hadi unaporudi, si kiingilio peke yake. Kipimo changu ni bumu. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo nikisema usiku fulani unakula siku tatu, hizo ni siku tatu za msosi zimeondoka.

Kurudi: usafiri gani upo saa ambayo shughuli inaisha.

Hatari: kila sehemu ina yake, na tahadhari inayokutosha uwanjani haikutoshi klabu.

Kesho yake: kwa sababu niliowaona wakidisko, yaani wakiondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza si wote walishindwa na masomo. Kuna walioshindwa kuamka Jumatatu.

Mwisho nimesema kila usiku unamfaa nani.

Klabu na baa za ufukweni

Hapa nazungumzia Masaki, Mikocheni, Mbezi Beach, na kwa wenye mfuko mwembamba, Sinza. Muziki ni wa DJ, Bongo Flava na amapiano, watu wamependeza, na shughuli haichangamki kabla ya saa tano usiku.

Fedha. Mara nyingi kiingilio ni kidogo, na dada zangu huambiwa ni bure wakifika mapema. Hiyo bure isikudanganye. Kinywaji kile kile unachokunywa Sinza kwa bei ya kawaida, Masaki unakilipia mara mbili au zaidi, na maji ya kunywa nayo yana bei yake. Ongeza nauli ya saa nane usiku, ambayo kwenye programu za usafiri hupanda kwa sababu watu wote wanaita gari kwa wakati mmoja. Kwa mahesabu yangu, usiku mmoja wa Masaki unaweza kula bumu la siku nne au tano bila hata kuagiza chakula. Sinza unakula siku mbili.

Kurudi. Hapa ndipo penye kazi. Masaki ni rasi, iko pembeni ya jiji, na daladala ulizoziona jioni usiku mzito huzioni. Linalobaki ni kuita Bolt au inDrive, bajaji au bodaboda. Ukiita gari, usimfuate dereva ukimuuliza, "Wewe ndiye umekuja kumchukua Asha?" Atasema ndiyo. Muulize yeye, "Unamchukua nani?", kisha linganisha namba ya gari na ile iliyo kwenye simu. Kaa kiti cha nyuma, mtumie mtu aliyebaki chumbani ile safari aifuatilie. Halafu kuna ule mchezo wa dereva kukwambia, "Kata safari, tuelewane bei huku nje." Usikubali, hata akipunguza elfu mbili. Ukishakata, hakuna rekodi yoyote kwamba uliwahi kupanda lile gari. Bodaboda usiku huo, kama dereva amekunywa au hana kofia ya pili, mwache aende. Na msipande mshikaki watatu ili kuokoa nauli.

Hatari. Kubwa ni kinywaji. Agiza chupa ifunguliwe mbele yako, usiache glasi ukaenda kucheza ukarudi kuimalizia. Kuwekewa kitu kwenye kinywaji huwapata pia wavulana, ambao huamka hawana simu na salio limehamishwa. Dalili ninayoiamini ni moja: mwenzenu amekunywa kidogo lakini amelewa kama aliyekunywa kreti zima. Hapo starehe imeisha kwa wote. Mtoeni nje kwenye hewa, msimwache peke yake hata dakika moja, msimlaze chali, na akishindwa kuamka au akipumua kwa taabu mpelekeni hospitali moja kwa moja. Asitokee "rafiki" mliyekutana naye saa hiyo akajitolea kumpeleka nyumbani.

Lingine ni meza ya mtu anayemimina. Anaweza kuwa mkarimu kweli. Ila ukishakunywa chupa tatu za mtu, kumwambia "naondoka" kunakuwa kugumu kuliko ulivyofikiri, na yeye huenda analijua hilo. Nenda na pesa ya kinywaji chako, na pesa ya kurudi iwe kwenye laini ambayo hutaigusa kununulia kitu.

Kesho yake. Siku nzima imekwenda. Usijidanganye kwamba utasoma mchana.

Inamfaa nani. Kundi la watu wanne au watano wanaojuana, wenye hela ya ziada, na angalau mmoja hanywi usiku huo. Anayependa kucheza hadi asubuhi hatapata mbadala wake kwenye orodha hii. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwezi wake wa kwanza jijini ningemwambia asubiri kidogo, kwanza ajue Mwenge na Ubungo vizuri. Aliye chini ya miaka 18 sheria haimruhusu kuuziwa pombe, na kuazima kitambulisho cha mwenzake ni kumtia mwenzake matatani.

Tamasha kubwa la wazi

Haya ni yale ya jukwaa kubwa, kama Fiesta na Wasafi Festival, ambayo viwanja kama Leaders Club pale Kinondoni vimeyazoea. Utawaona wasanii kumi usiku mmoja.

Fedha. Unajua gharama mapema, na hilo ni jambo zuri. Tiketi ya kawaida mwanafunzi anaimudu akijipanga wiki mbili. Nunua kwenye njia waliyotangaza waandaaji wenyewe. Tiketi ya picha ya simu uliyouziwa na mtu getini inaweza kuwa imeshauzwa kwa wengine sita. Chakula ndani ni ghali, kwa hiyo kula kabla ya kwenda.

Kurudi. Mnatoka maelfu kwa mara moja, mara nyingi alfajiri. Mtandao unazidiwa, programu inazunguka tu, na madereva walioko getini wanataja bei wanayotaka. Sisi tulizoea kufanya hivi: tunatoka pamoja, tunatembea hadi barabara kubwa yenye taa na watu, mbali kidogo na geti, ndipo tunaita gari. Au tunabaki ndani hadi mwisho kabisa, tunatoka kukiwa kunakucha na daladala zimeanza. Kibaya zaidi ni kuondoka peke yako katikati, saa nane, kwa sababu umegombana na mpenzi wako. Gombaneni, lakini rudini pamoja.

Hatari. Vibaka wa mifukoni ndiyo makazi yao hapa. Simu iwe mfuko wa mbele au kifuani, na usiinyanyue juu muda wote kurekodi. Kwa kuwa simu zitagoma, chagueni sehemu ya kukutania tangu mnaingia: "chini ya ile nguzo ya taa ya kushoto, kila saa kamili." Na msijibanze mbele ya jukwaa kama hamuoni njia ya kutokea pembeni.

Kesho yake. Kama klabu, tofauti ni kwamba tamasha linakuja mara chache kwa mwaka, unaweza kulipangia.

Inamfaa nani. Mpenda muziki anayetaka kitu cha kukumbuka, na mwenye kundi linaloelewana. Asiyependa msongamano atateseka.

Mechi Uwanja wa Mkapa

Kuna watu watashangaa kuona mpira humu. Lakini muulize mwanafunzi yeyote aliyewahi kukaa mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, siku ya Simba na Yanga kama kuna klabu inayofikia kelele zile. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2007, unachukua watu 60,000, na mwaka 2020 ukapewa jina la Rais mstaafu Benjamin Mkapa baada ya kufariki kwake.

Fedha. Ni nafuu mno. Tiketi ya mzunguko mara nyingi ni elfu chache, kwa hiyo usiku mzima pamoja na daladala unakula siku moja ya bumu, au moja na nusu ukinunua na karanga. Unahitaji N-Card, kadi ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani, na uipate siku kadhaa kabla. Siku ya dabi usiende uwanjani ukitegemea kupata tiketi mlangoni.

Kurudi. Mechi ya jioni inaisha wakati jiji bado liko macho, daladala zinatembea, na njiani mko wengi. Wa chuo cha elimu cha DUCE wanatembea kwa miguu tu, uwanja ni jirani yao. Wa Mlimani na Chuo Kikuu Ardhi wana safari ndefu ya barabara ya Mandela, na foleni siku hiyo si ya kawaida, ila ni foleni ya saa mbili au tatu usiku, si upweke wa saa tisa. Msikimbilie kutoka na filimbi ya mwisho. Kaeni vitini nusu saa, jadilini penalti waliyonyimwa, watu wapungue.

Hatari. Iko getini zaidi kuliko ndani. Machi 21, 2021, kwenye Uwanja wa Uhuru ulio jirani kabisa na huu, watu 45 walikufa katika msongamano wakati wananchi wakiuaga mwili wa Rais John Magufuli. Walikwenda msibani, wakawa msiba wenyewe. Tangu hapo, umati unaosukumana ninauheshimu. Fika saa mbili au tatu kabla ya mechi kuanza. Ukiona nyuma wanasukuma na mbele hapaendi, toka kwa kwenda pembeni kidogo kidogo, usijaribu kurudi nyuma kwa nguvu. Mikono iwe kifuani kama bondia ili mapafu yapate nafasi. Simu ikidondoka iache. Kaa mbali na ukuta na vyuma. Haya yashike hata kwa tamasha.

Kuhusu jezi: vaa, lakini kaa upande wa wenzako, na ukipita mitaani baada ya kushinda, usimzomee aliyefungwa.

Kesho yake. Unaamka mzima. Sauti tu ndiyo haipo.

Inamfaa nani. Mwenye hela kidogo, asiyekunywa, mgeni jijini anayetaka kuuona umati wa Dar kwa mara ya kwanza. Dada anayetaka kwenda na dada wenzake tu anaweza kwenda vizuri, ingawa achague jukwaa lenye mchanganyiko wa watu na aende na kundi.

Usiku wa bendi na sanaa

Huu ndio wanafunzi wengi hawaujui, na inaniuma kidogo. Dar ina muziki wa dansi wenye umri mkubwa kuliko wazazi wetu. Msondo Ngoma mizizi yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964. Sikinde, yaani DDC Mlimani Park, ilianza 1978, na upinzani wa bendi hizi mbili watu wazima wanausimulia kama sisi tunavyosimulia dabi. Upande mwingine kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza 2008, yenye karakana za wasanii na maonyesho. Upanga kuna Alliance Française na Goethe-Institut wanaoonyesha filamu na kuleta wanamuziki. Siku hizi na usiku wa vichekesho umeshika kasi.

Mara ya kwanza kwenda kwenye bendi nilikaa meza moja na mzee mmoja na mkewe. Wimbo ulipofika sehemu ya kuchezea, yule mzee akafunga kifungo cha koti, akamnyooshea mkewe mkono, wakacheza taratibu, uso kwa uso, hakuna aliyewarekodi. Nilikaa na soda yangu moja hadi mwisho.

Fedha. Shughuli za vituo vya utamaduni kuna za bure na kuna za kiingilio kidogo. Bendi ni kiingilio cha kawaida, na bei ya vinywaji ni ya mtaani. Siku moja ya bumu, mbili ukijiachia.

Kurudi. Filamu na maonyesho ya Upanga huanza jioni na kwa kawaida huisha mapema, daladala bado zipo. Kwa mtu wa Muhimbili ni kutembea, kwa mtu wa chuo cha fedha, IFM, ni safari fupi. Bendi ya Jumamosi ni tofauti: inaanza kuchangamka usiku na inakwenda mbali, kwa hiyo kwenye kurudi ihesabu kama klabu. Ukipata bonanza, yaani onyesho la bendi la Jumapili mchana, hilo ndilo bora kwa mwanafunzi, unapiga dansi na saa tatu uko chumbani.

Hatari. Ndogo, na hapo hapo ndipo tunajisahau. Watu wanaacha begi lenye laptopu kwenye kiti kwa sababu mahali pana utulivu. Eneo la viwanda vidogo Mikocheni usiku barabara zake ni tulivu mno, usitembee peke yako hadi kituoni. Ukiwa kwenye bajaji, simu iwe ndani ya begi. Yangu ilikwapuliwa pale Bamaga kwenye taa nikitokea kwenye maonyesho, na bodaboda iliyopita ubavuni, saa mbili na nusu usiku tu.

Kesho yake. Hakuna deni.

Inamfaa nani. Anayetaka kukaa na kuzungumza, wapenzi, watu wa sanaa na lugha, na anayekwenda peke yake bila kuonekana yuko peke yake. Anayetafuta kucheza amapiano hadi asubuhi atachoka baada ya saa moja.

Vigodoro nimeviacha makusudi. Singeli naipenda, lakini kigodoro ni sherehe ya watu wa mtaa. Mwenyeji akikualika nenda naye na uondoke naye.

Kwa hali yako

Bumu limebaki la wiki moja: mechi, au filamu ya bure Upanga. Au Coco Beach jioni, mihogo ya kukaanga na pilipili, mwanga ukififia mnageuza.

Ni siku yako ya kuzaliwa na mko watano wenye hela: klabu, Sinza kama mnataka ukaribu, Masaki kama mmeweka nauli ya kurudi pembeni kabla ya kutoka. Kubalianeni tangu chumbani kwamba mlioenda watano mtarudi watano.

Hunywi pombe, kwa dini au kwa uamuzi wako: yote manne yako wazi kwako, ila mechi na sanaa hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Unakaa Kigamboni: hesabu maji kwanza. Pantoni usiku haiko kama mchana, na kuzunguka Daraja la Nyerere kwa gari ni hela. Shughuli inayopita saa nne, panga kulala kwa rafiki upande huu, na mwenye chumba ajue mapema.

Una mtihani wiki hii: bonanza la Jumapili, urudi kabla ya giza kuingia.

Mambo yakiharibika: polisi ni 112, zimamoto 114. Simu ikiibwa, azima ya mtu upige 100 wafunge laini na pesa zako, kesho uchukue ripoti ya upotevu. Ukifanyiwa ukatili wa kingono, kosa si lako hata kama ulikuwa umekunywa. Usioge, usibadilishe nguo kama unaweza, nenda hospitali haraka, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, huko utapata na PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Nenda na mtu unayemwamini.

Na kama umekwama saa tisa usiku, gari hakuna, chaji inaisha: usianze kutembea. Tuma ujumbe mmoja wa mahali ulipo kabla simu haijazima. Tafuta sehemu yenye taa na watu walioko kazini, sheli, geti la hospitali, mama wa chai. Msalimie, mwambie umekwama, nunua kikombe kimoja, ukae karibu na jiko lake hadi saa kumi na moja.